Fidla ya mtumba iliyokarabatiwa: ya Saxony, ya Nagoya, ya Mirecourt au ya China?

Mwanafunzi akishafika gredi ya 3 au ya 4 ya mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, au akishaanza kukaa na wakubwa katika kikundi cha taarab, fidla yake ya kwanza huanza kumrudisha nyuma. Ile iliyokuja imekamilika ndani ya boksi, na kasha lake, upinde wake na kipande cha rozini, ilimfaa kuvizoesha vidole mahali pake. Sasa anatafuta sauti, na sauti haipo. Akikandamiza upinde, inakwaruza. Akilegeza mkono, inafifia.

Fidla mpya iliyochongwa na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ni maelfu ya dola. Kwa familia nyingi njia inayobaki ni fidla ya mtumba iliyokarabatiwa: chombo cha miaka 15, 40 au hata 120, kilichozibwa nyufa, kikakatiwa kidaraja kipya, yaani kibao kinachoinua nyuzi, na kurudishwa sokoni. Hapa naziweka bega kwa bega aina nne ambazo mtu mwenye dola 400 hadi 1,000 za Marekani hukutana nazo mara kwa mara, awe ananunua mwenyewe au anamtuma ndugu aliyeko London, Toronto au Hamburg: ya Saxony, Ujerumani; ya Suzuki kutoka Nagoya, Japani; ya Mirecourt, Ufaransa; na ya China ya miaka ya karibuni. Msimamo wangu ni huu: kwa bei hii, kazi ya fundi aliyeikarabati ina uzito kuliko nchi ilikotengenezwa na kuliko umri wake. Fidla ya Nagoya iliyoshughulikiwa vizuri inaipita kwa mbali ya Kijerumani ya mwaka 1900 iliyofutwa vumbi tu.

Fundi amefanya nini hasa?

Muuzaji yeyote anaweza kuandika "imekarabatiwa" kwenye tangazo. Mmoja ameing'arisha kwa kitambaa na kuifunga nyuzi za bei ya chini. Mwingine ameifungua mbao ya mbele, akaunga nyufa na kuzibandikia vipande vidogo vya mbao kwa ndani ili zisirudi, akairudisha shingo kwenye mwinamo wake, akauranda ubao wa vidole, akaziba matundu yaliyolika ya vigingi vya kukazia nyuzi na kuyatoboa upya, kisha akachonga kidaraja na kijiti cha ndani, kile kinachosimama kati ya mbao ya mbele na ya nyuma, kwa vipimo vya chombo hicho peke yake. Kazi hii ya pili, ukimpelekea fundi wa Ulaya au Marekani, inaweza kugharimu kuliko fidla yenyewe. Ndiyo maana zile nzuri za bei nafuu aghalabu hutoka kwa mafundi wanaozinunua zikiwa mbovu na kuzishughulikia wao wenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Mwambie akuandikie orodha ya kazi iliyofanyika, na akutumie picha za mbao ya mbele, ya nyuma, mbavu zote, kichwa na ndani kupitia matundu ya umbo la f. Fundi aliyefanya kazi hujibu siku hiyohiyo, tena kwa fahari. Anayejibu kwamba "iko sawa tu" hana orodha ya kukupa.

Uliza pia gundi. Fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, na si kwa sababu ya ushamba: gundi hiyo huachia ikipata joto na unyevu, ili fundi mwingine baada ya miaka 50 aweze kuifungua bila kuipasua. Aliyetumia gundi ya plastiki au ile nyeupe ya maseremala ameharibu uwezekano huo. Dalili zake huonekana: mstari unaong'aa kando ya ufa, matone magumu yaliyoganda, au kiungo kilichopanda juu ya kingine. Fidla iliyopakwa vanishi upya mwili mzima nayo iache. Vanishi mpya nene hubana mbao na huficha nyufa.

Nyufa zenyewe zisikutishe zote. Ufa wa mbao ya mbele unaofuata mstari wa mbao, ukiungwa vizuri, unaweza kukaa miaka mingi bila kusumbua, na huishusha bei kwa faida yako wewe unayenunua. Usiokubalika ni ule ulio mahali ambapo kijiti cha ndani kinakanyaga, hasa kwenye mbao ya nyuma. Nyuzi nne zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 20, na sehemu ya nguvu hiyo hushuka kupitia kidaraja hadi kwenye kijiti hicho. Ufa ulio chini yake hurudi kufunguka, na thamani ya fidla huwa imeshaanguka. Ufa wa kisanduku cha vigingi nao ni wa kuogopa, kwa sababu kila ukitunia unaupanua.

Ya Saxony

Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi kuliko nyingine yoyote katika soko la fidla kuukuu. Mji wa Markneukirchen, kusini mwa Saxony, ulikuwa na chama cha mafundi wa fidla tangu 1677, kilichoanzishwa na wahamiaji kutoka Bohemia. Kufikia mwisho wa karne ya 19 eneo hilo lilikuwa limegawana kazi nyumba kwa nyumba: familia moja inachonga vichwa tu, nyingine mbao za mbele, nyingine shingo. Wafanyabiashara wakikusanya vipande, vikaunganishwa na kusafirishwa ng'ambo, kwa wingi kwenda Marekani. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Schönbach ambao leo unaitwa Luby na uko Jamhuri ya Czech, kazi ilikuwa ileile.

Ndani ya nyingi kati ya hizo kuna karatasi imeandikwa "Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno" na mwaka wa mia kumi na saba na kitu. Antonio Stradivari wa Cremona alifariki 1737, na zilizobaki za mkono wake zinajulikana karibu zote moja moja. Karatasi hiyo ilikuwa tangazo la umbo lililoigwa, na kila aliyenunua wakati ule alilijua hilo. Asikuuzie mtu matumaini leo. Kinachosaidia zaidi ni maneno madogo ya nchi: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni kutaja zilikotoka, kwa hiyo fidla yenye neno "Germany" kwa Kiingereza kwa kawaida ni ya baada ya hapo. Yenye "Czechoslovakia" haiwezi kuwa ya kabla ya 1918, kwani nchi hiyo haikuwepo.

Tatizo la Saxony ni kwamba jina moja linafunika vitu viwili tofauti kabisa. Kulikuwa na fidla nzuri za wanamuziki, na kulikuwa na zile za kuuzwa kwa madazeni. Za madazeni zina alama zake, na unaweza kuzikagua kwa taa ya simu na kioo kidogo. Angalia ndani, upande wa uzi mnene: katika fidla iliyotengenezwa kwa uangalifu, boriti inayokaa chini ya mbao ya mbele ni kipande kilichochongwa peke yake na kubandikwa, kingo zake zimenyooka. Katika zile za haraka, fundi aliacha tu tuta la mbao wakati anachonga, likayeyukia kwenye mbao yenyewe. Angalia pembe nne za kiuno: je, ndani kuna vipande vya mbao vinavyozijaza, au ni tupu? Angalia mstari mweusi unaozunguka ukingo: je, umepachikwa ndani ya mbao, au umechorwa kwa wino? Mwisho, ubao wa vidole. Ukiona weusi umefifia na mbao ya kahawia inachungulia, huo si mti mweusi wa asili. Ni mti mwingine uliopakwa rangi, na vidole vya mwanafunzi vitauchimba upesi.

Fidla ya madazeni haina dhambi, ila haistahili bei ya ile nyingine. Mbao yake ya mbele mara nyingi iliachwa nene, na sauti hutoka kama imefungiwa ndani. Kuna mafundi wanaoifungua, wakaipunguza unene na kuiwekea boriti mpya, na matokeo yanaweza kushangaza. Ukiona kazi hiyo kwenye orodha ya muuzaji, na bei bado iko chini ya dola 1,000, simama hapo uisikilize kwa makini.

Ile ya daraja la juu kidogo, yenye pembe zilizojazwa na mstari uliopachikwa, ndiyo ninayoipenda kuliko zote nne kwa mwanafunzi anayeishi mahali pakavu kiasi na mwenye fundi wa kumkimbilia. Mbao za miaka 100 hazisogei tena kama mbichi. Sauti yake ina giza, ina kina kwenye nyuzi za G na D, na mwanafunzi hujifunza kuitafuta kwa upinde badala ya kupewa yote mara moja.

Kipimo kimoja usikiruke: urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu hadi kidaraja. Kwa fidla ya ukubwa wa 4/4, yaani ya mtu mzima, unatakiwa uwe karibu sentimita 32.5 hadi 33. Fidla kuukuu za nyumba nyingi zilipishana shingo na miili, na ukikuta imezidi au imepungua sana, vidole vya mwanafunzi vitajifunza nafasi ambazo hazipo kwenye fidla nyingine.

Ya Nagoya

Masakichi Suzuki alianza kutengeneza fidla Nagoya mwishoni mwa karne ya 19 na kujenga kiwanda kikubwa. Mwanawe Shinichi, aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998, ndiye aliyeanzisha njia ya kufundisha watoto inayofuatwa na walimu wengi duniani, hata hapa Afrika Mashariki. Fidla za kiwanda hicho za miaka ya 1960 hadi 1980 zimejaa katika soko la mtumba. Zina jambo moja ambalo mnunuzi anayenunua kwa picha atalishukuru: lebo inasema kweli. Imeandikwa namba ya aina, ukubwa na mwaka. Huhitaji mtaalamu wa kukutafsiria historia yake.

Ni fidla zilizotengenezwa kwa vipimo visivyobadilika. Viungo vyake ni imara, nyufa ni chache, na vipuri vya kawaida vinaingia bila kusumbuana. Kwa hiyo hata ukarabati wake ni mdogo: vigingi, kidaraja, kijiti, kuranda ubao wa vidole, nyuzi. Fundi wa kawaida asiye bingwa wa fidla kuukuu anaweza kuufanya bila kuharibu.

Sauti yake ni safi na inang'aa juu, lakini ni nyembamba chini. Vanishi yake ni ngumu na nene, jambo linalochangia hilo. Mwanafunzi anayejiandaa kwa gredi ya 7 au ya 8 atafika mahali atatamani zaidi. Ila kuanzia ya 3 hadi ya 6, na kwa mtoto ambaye bado anahitaji ukubwa wa 3/4 au 1/2, sioni chaguo la busara kuliko hili. Mtoto hukua; fidla ya 3/4 ya Saxony iliyokarabatiwa kwa gharama kubwa atakaa nayo miaka miwili, na kumpata mnunuzi wa pili wa kitu hicho si rahisi. Ya Suzuki huuzika.

Ya Mirecourt

Mirecourt, mji mdogo wa Vosges mashariki mwa Ufaransa, ulikuwa kwa Wafaransa kile Markneukirchen ilichokuwa kwa Wajerumani, ila kazi iliingia viwandani mapema zaidi. Jina kubwa ni Jérôme Thibouville-Lamy, linalofupishwa JTL. Lingine ni Laberte. Kwa bajeti yetu utakutana na aina yao ya chini iliyoitwa "Medio Fino", ambayo mara nyingi mstari wake wa ukingoni umechorwa tu. Ni nyepesi mkononi, sauti yake iko wazi, inaitika haraka. Kasoro yake ni wembamba wa sauti ukiikaza, na bei: neno "Ufaransa" huongeza dola ambazo masikio hayazisikii. Za daraja la juu za JTL ni nzuri kweli, lakini ziko nje ya mfuko tunaouzungumzia. Nikiwekewa Medio Fino na ya Saxony iliyojazwa pembe kwa bei moja, nachukua ya Saxony.

Ya China

Hapa mazoea ya zamani yanawapotosha wengi. Fidla za Lark na Skylark za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa nzito na ngumu kuitika, na walimu wa kizazi kile hawajazisahau. Tangu wakati huo mambo yamebadilika sana. Mji wa Huangqiao, katika jimbo la Jiangsu, leo ni moja ya sehemu zinazotengeneza fidla nyingi zaidi duniani, na kati ya zile za bei ya kutupwa zinazouzwa mtandaoni na zile za karakana ndogo zinazochongwa kwa mkono kuna pengo kubwa. Hata majina ya Ulaya yanayotumika sana na wanafunzi, kama Stentor ya Uingereza, fidla zake za wanafunzi hutengenezwa China.

Ninayoizungumzia ni ile ya karakana, iliyonunuliwa mpya miaka 10 au 15 iliyopita kwa dola 800 au zaidi, na sasa mwenyewe ameshahitimu au ameacha. Udhaifu wa fidla hizi zikiwa mpya ni mbao ambayo haikukaushwa vya kutosha: shingo hushuka, viungo vya kingoni huachia, vigingi hulika. Yote hayo hutokea miaka ya mwanzo. Iliyokwisha kupita kipindi hicho, ikabandikwa tena na kuwekewa kidaraja na kijiti na fundi wa kweli, imetulia. Mbao yake ya mbele imechongwa kwa unene unaofaa, na kwa ukubwa wa sauti inaweza kuizidi ya Saxony ya bei ileile. Inachokosa kwa kawaida ni rangi: nyuzi zote nne zinatoka na nguvu sawa na sura moja.

Bei ya kuiuza tena ndiyo inayouma. Kwa kuwa lebo zake hazitambuliki, utapata nusu au chini ya hapo. Usiinunue kama akiba. Inunue kwa ajili ya kupigwa.

| | Saxony | Nagoya | Mirecourt | China ya karakana |
|---|---|---|---|---|
| Sauti | Ya giza, ina kina chini | Safi, inang'aa, nyembamba chini | Wazi, nyepesi, huitika haraka | Kubwa, yenye nguvu sawa |
| Cha kukagua kwanza | Boriti, pembe, urefu wa uzi | Vigingi na ubao wa vidole | Nyufa, mstari wa ukingo | Shingo iliyoshuka, viungo vya kingoni |
| Hewa ya pwani | Inahitaji uangalizi | Inastahimili | Inahitaji uangalizi | Inastahimili ikishatulia |
| Kuuza tena | Vizuri, ikiwa kazi imeandikwa | Vizuri | Vizuri sana | Kwa shida |

Mombasa si Nairobi

Mshauri wa mtandaoni aliyeko Ulaya hatakuambia hili, na ndilo linaloamua mengi kwetu. Mbao za fidla hupenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam huwa juu ya hapo karibu mwaka mzima. Fidla iliyotoka nyumba ya Ulaya yenye hita wakati wa baridi, ikashushwa Unguja mwezi wa masika, huvimba: vigingi vinakwama, nyuzi zinapanda juu ya ubao, gundi ya ngozi inalainika na kingo zinaachia. Kuachia kingoni si msiba. Hivyo ndivyo gundi ilivyokusudiwa, na fundi hubandika upya kwa muda mfupi. Msiba ni ufa wa zamani kufunguka. Kwa hiyo mwanafunzi wa pwani nampa sharti: nyufa zilizoungwa ziwe chache iwezekanavyo, hata kama zimeungwa na bingwa. Hapo Nagoya inapanda hadi nafasi ya kwanza.

Aliyeko Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ana hewa ya wastani zaidi, ila Januari na Februari hukauka na vigingi huanza kuteleza. Aliyeko Muscat au Dubai ana shida tofauti: joto la nje na kiyoyozi cha ndani mchana na usiku. Kukauka ghafla hupasua mbao kuliko kulowa. Weka kipima unyevu ndani ya kasha, ni cha dola chache, na usiiache fidla ndani ya gari hata dakika za kwenda dukani.

Kwa pwani pia ningeomba vitu viwili wakati wa ukarabati, kabla haijasafirishwa. Kimoja ni vigingi vyenye gia ndani, kama vya Wittner, ambavyo havikwami wala havitelezi. Kingine ni nyuzi zenye kiini cha chuma, kwa mfano D'Addario Prelude, zinazoshikilia tyuni hewa ikibadilika. Dominant za Thomastik zina sauti tamu zaidi, na mwanafunzi wa bara anaweza kuzifurahia. Kwa anayepiga kwenye upepo wa Forodhani, chuma kinamuondolea taabu.

Anayepiga taarab aangalie jambo moja zaidi. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu hushusha uzi wa A hadi G na wa E hadi D. Mvuto wa nyuzi unapungua, na fidla yenye mbao nene, kama ile ya madazeni, inazidi kulala. Kama mwanafunzi anatunia hivyo, aijaribu fidla ikiwa imeshushwa hivyo, na amwambie fundi mapema ili kidaraja kisiachwe kizito. Pale DCMA (Dhow Countries Music Academy), chuo cha muziki cha Unguja kilichoanzishwa 2002, taarab hufundishwa kama somo kamili, na mwalimu wa hapo atakusikilizia tofauti hiyo vizuri kuliko muuzaji wa ng'ambo.

Kuijaribu

Mwanafunzi asijaribu fidla kwa wimbo anaoupenda, kwa sababu atausikia wimbo. Apige nyuzi tupu, polepole, upinde mzima, kisha skeli ileile kwenye kila fidla. Halafu ampe mwalimu au mwenzake apige, yeye asimame hatua sita mbali. Chini ya sikio fidla nyingi hudanganya: inayopiga kelele karibu inaweza isifike nyuma ya ukumbi.

Kabla ya hapo, gonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka kingo zote. Mahali palipoachia hutoa mlio mkavu wa kutikisika. Tazama ubao wa vidole kwa jicho moja kuanzia kwenye kichwa: unatakiwa uwe na bonde dogo sana katikati, usiwe na vishimo chini ya nyuzi. Mwisho wa ubao huo, uzi wa E usimame kama milimita 3 hadi 3.5 juu yake, na wa G milimita 4.5 hadi 5.5. Ukikuta juu zaidi na kidaraja kimeshapunguzwa sana, shingo imeshuka, na kuirudisha ni kazi kubwa. Kwa fidla ya dola 500 hiyo peke yake inatosha kukataa.

Upinde usiuache mwisho

Tenga pesa za upinde mbali na za fidla. Upinde unaotupiwa bure kwenye kifurushi mara nyingi umepinda au nywele zake zimeisha, na fidla nzuri itasikika mbovu. Kwa bei ya wanafunzi, wa nyuzi za kaboni ndio nachagua bila kusita, hasa pwani: haupindi kwa unyevu. Mti wa pernambuco wa Brazili, unaotumika kwa pinde bora, uko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 2007, na bei yake iko juu.

Ukipewa upinde wa zamani wenye kipande cheupe nchani, uliza ni nini. Mfupa na plastiki havina neno. Ikiwa ni pembe ya ndovu, uache hukohuko hata kama ni zawadi. Kuvuka nayo mpaka bila vibali ni kosa kubwa, na Kenya na Tanzania hazina mzaha na pembe.

Kwa nani ipi

Mtoto wa 3/4 au 1/2, popote alipo: Nagoya. Kijana wa pwani aliye kati ya gredi ya 3 na ya 6, au anayeingia kikundi cha taarab: Nagoya tena, au ya China iliyotulia ikiwa anahitaji sauti ya kufika mbali. Mwanafunzi wa Nairobi, Arusha au Kampala anayelenga gredi za juu na ana dola 700 kwenda juu: Saxony yenye pembe zilizojazwa, boriti iliyobandikwa na orodha ya kazi mkononi. Anayeishi Ulaya au Amerika Kaskazini na anayeweza kwenda dukani kusikiliza fidla 10 kwa siku moja, huyo hata Mirecourt aijaribu, kwa sababu ana nafasi ya kuikuta ile moja iliyotoka vizuri.

Kabla pesa hazijatoka, kubalianeni na muuzaji mambo matatu kwa maandishi: siku za kuijaribu (wiki moja ni kawaida kwa wauzaji wa fidla wa Ulaya na Marekani), nani analipa ikirudishwa, na bima ya njiani. Kama inakuja Afrika Mashariki kwa ndugu anayesafiri, iingie naye ndani ya ndege. Nyuzi alegeze kidogo tu, asizifungue zote: zikiachia kabisa, kijiti cha ndani kinaweza kuanguka, na kukisimamisha tena kunahitaji fundi mwenye chuma chake maalumu. Awe pia na karatasi ya malipo, kwa ajili ya forodha. Ikishafika, iache ndani ya kasha lililofungwa siku nzima izoee hewa, ndipo uitunie hadi A ya hezi 440, uzi mmoja mmoja, ukitazama kidaraja kisiinamie mbele.